Mzee, Kitabu cha Parokia au Jalada la Serikali: Uanzie Wapi Ukimtafuta Babu Yako Uganda

Hapa Uganda, swali la babu yako alikuwa nani lina uzito wa kisheria. Katiba ya 1995, ibara ya 10, inamhesabu kuwa raia wa kuzaliwa mtu aliyezaliwa nchini ambaye mzazi wake, babu yake au bibi yake alitoka katika mojawapo ya jamii za asili zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Fomu za NIRA, mamlaka ya utambulisho na uandikishaji wa watu, zinauliza ukoo. Mahakama, mtu akifa, inauliza watoto wake ni akina nani. Na kwetu sisi tunaozungumza Kiswahili nyumbani, Wanubi wa Bombo, familia za reli za Jinja na Tororo, watu wa mpakani Kasese na Arua, maswali haya hutukuta mababu zetu wamehama mara mbili tatu na karatasi zao zimetapakaa.

Vyanzo vya habari vipo, tena vingi kuliko watu wanavyodhani. Kinachowachosha watu ni kuingia mlango usiofaa. Mmoja anapanga foleni NIRA kumtafuta mtu aliyefariki 1940. Mwingine analipia kipimo cha DNA kabla hajamuuliza shangazi yake jina la nyanya yake mzaa baba. Nimeviweka vyanzo hivi bega kwa bega ili uone kila kimoja kinajibu nini na kinanyamaza wapi. Rai yangu nitaitoa mapema: chagua kwa kuangalia ni kipi kitakachotoweka kwanza. Rejista ya ubatizo imengoja miaka mia moja na inaweza kungoja mwezi mmoja zaidi. Shangazi wa miaka tisini hawezi.

Uganda ya babu yako haikuwa na mipaka hii

Hili lina faida kulijua kabla ya kulipa nauli yoyote. Hadi 1902, Kisumu na sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ya leo ilikuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Mtu aliyebeba mataruma ya reli Kisumu mwaka 1901, reli ilipofika ziwani, alikuwa Uganda. Mwanawe aliyezaliwa hapohapo miaka mitatu baadaye akazaliwa katika himaya nyingine, bila yeyote kuhama nyumba.

West Nile ni kinyume chake. Arua na majirani zake walikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, katika eneo la Lado. Leopold alifariki 1909, mwaka uliofuata eneo likaingia Sudan, na upande wa kusini ukaletwa Uganda mwaka 1914. Kwa hiyo barua za utawala kuhusu kijiji cha Arua za kabla ya 1914 hazimo katika mafaili ya Kampala. Hata karatasi nyingi za maofisa wa Kiingereza waliotumika Sudan zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza.

Wanubi nao wana mwanzo wao. Mwaka 1891 Kapteni Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwakuta Kavalli, magharibi mwa Ziwa Albert, askari waliobaki wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Equatoria chini ya Misri, akawachukua pamoja na wake, watoto na watumishi wao. Katika msafara ule walikuwemo Wabari, Wakuku, Wakakwa, Wamakaraka, Wadinka na wengine wengi. Anayesema "sisi ni Wanubi" amesema kweli, lakini bado hajajibu babu wa babu yake alitoka mto gani.

Mzee au kitabu?

Mzee hukupa watu, na kitabu hukupa tarehe. Ukitaka kujua nani alikuwa ndugu wa nani, kwa nini walihama, nani aligombana na nani na ng'ombe wa mahari walitoka wapi, hakuna karatasi itakayomshinda mzee aliye na akili timamu. Ukitaka kujua mwaka, karibu kila karatasi itamshinda.

Kwa Baganda, kumbukumbu ya mdomo imejengewa utaratibu. Mtu aliyelelewa katika ukoo wake anaweza kulanya: anataja jina lake, la baba yake, la babu yake, kisha matawi ya ukoo yanayozidi kuwa makubwa, lunyiriri, mutuba, ssiga, hadi mkuu wa ukoo mwenye kasolya. Kila ngazi ya hizo ina kiongozi na ardhi ya asili, butaka, unapoweza kwenda na kuuliza. Hii ndiyo nguvu yake kubwa: jibu la mzee mmoja linakuelekeza kwa mzee wa ngazi ya juu yake. Ukijua muziro wako, yaani mwiko unaoutambulisha ukoo wako, kwa mfano Mmamba au Nkima au Ffumbe, umeshapunguza nchi nzima hadi mlango mmoja, ingawa mlango wa Mmamba ni mpana sana. Siku bora ya kuuliza ni siku ya kwabya olumbe, mrithi anapotawazwa, kwa sababu matawi yote yamekuja na kila mmoja anatambulishwa kwa nafasi yake. Usiende na maswali ishirini. Nenda na daftari, kaa karibu na ssenga, yaani shangazi, sikiliza nani anaitwa nani.

Kwa Waislamu na Wanubi, kumbukumbu imo ndani ya jina lenyewe. Ramadhani Juma Abdallah amekutajia yeye, baba yake na babu yake kwa pumzi moja. Ukipata karatasi moja yenye majina matatu ya baba na nyingine yenye majina matatu ya mwana, zinashikana kama pingili za mnyororo. Lakini kuna mahali mnyororo hukatika: aliyesilimu ukubwani mara nyingi alipewa "bin Abdallah" badala ya jina la baba yake asiye Mwislamu. Ukifika kwa Abdallah ambaye hakuna mzee anayejua kaburi lake wala kijiji chake, simama hapo. Huenda hakuwahi kuwa mtu. Kuanzia hapo unamtafuta mwanawe kwa kabila, kwa makovu ya chale za usoni yaliyokumbukwa, kwa lugha aliyoimbia watoto.

Jambo hili la majina huwapoteza wengi kwenye vitabu. Katika familia nyingi za Kiganda, watoto wa baba mmoja kila mmoja hupewa jina lake kutoka hazina ya majina ya ukoo. Ukipekua rejista ukitafuta jina moja la familia, utampata babu yako na kuwapita ndugu zake wanne waliomo ukurasa huohuo. Tafuta jina la baba katika safu ya wazazi, si jina la mwisho la mtoto.

Udhaifu wa mzee nao usifichwe. Vizazi huporomoka katika masimulizi: babu wa tatu na wa tano wakawa mtu mmoja. Wahamiaji wengi waliofika Buganda kufanya kazi kutoka Rwanda, Ankole na West Nile, walichukua majina ya Kiganda na kukaribishwa katika koo, na wajukuu wao leo wanalanya bila kusita. Ukoo huo ni wao kweli kwa maisha na kwa maziko, ila hautakufikisha kijiji alikotoka mhamiaji wa kwanza. Na yapo ambayo mzee anayajua lakini hatayasema, hasa kuhusu bibi aliyetekwa vitani au aliyeletwa nyumbani kama mtumwa. Hapo usimlazimishe. Shajara ya wamisionari inaweza kuwa imelitaja jambo hilo waziwazi, na mzee akabaki na heshima yake.

Tarehe za wazee hazikosekani kabisa, ila zimeandikwa kwa matukio. Uliza: alizaliwa kabla au baada ya maasi ya askari wa Kinubi ya 1897? Alikuwa mtoto anayetambaa au anayechunga mbuzi wakati wa malale, ugonjwa uliowaua zaidi ya watu 200,000 kando ya ziwa mwanzoni mwa karne iliyopita? Familia ilikuwa miongoni mwa waliohamishwa kutoka visiwani na pwani enzi za Gavana Hesketh Bell? Alikuwa ameoa reli ilipofika Kampala mwaka 1931? Alimlilia Kabaka Mutesa alipopelekwa uhamishoni 1953 akiwa mwanafunzi au akiwa na watoto wake? Maswali mawili ya namna hii hubana mwaka wa kuzaliwa vizuri kuliko "alikufa mzee sana".

Kitabu cha Kanisa Katoliki, cha Kianglikana, au cha msikiti?

Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda 1877 na Mapadri Weupe, shirika la Kikatoliki, 1879. Tangu hapo maandishi yakaanza kuwashika watu wa kawaida, si machifu pekee.

Kwa kumtafuta mtu mmoja mmoja, rejista ya Kikatoliki naiweka mbele ya zote. Ina jina la mtoto, wazazi wote wawili, msimamizi wa ubatizo, padri, mahali, tarehe ya ubatizo na ya kuzaliwa. Wengi hawajui kuhusu pambizo. Tangu 1908 sheria ya Kanisa imemtaka paroko wa mahali pa ndoa ahakikishe ndoa inaandikwa kando ya jina la mtu katika kitabu alichobatizwa, hata kama alioa mbali. Kwa hiyo mstari mmoja wa mtoto wa parokia ya Villa Maria unaweza kukuambia kwamba alifunga ndoa parokia nyingine, mwaka fulani, na nani. Maandishi ni ya Kilatini, lakini maneno yanajirudia na katekista mzee atakusomea.

Chagua parokia kwa kujua ni shirika gani lililohudumu. Mapadri Weupe walikuwa Rubaga, Masaka na magharibi. Wamill Hill walikuja 1895, wakaweka makao Nsambya na kuhudumu mashariki. Wakomboni walifika kaskazini mwaka 1910. Hii inahusu pia lugha ya shajara za vituo: Kifaransa kwa wa kwanza, Kiingereza kwa wa pili, Kiitaliano kwa wa tatu. Nyaraka kuu za Mapadri Weupe zipo Roma.

Kanisa la Uganda lina rejista zake parokiani, na kumbukumbu za makao makuu zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Mukono. Barua za wamisionari wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana, zipo Chuo Kikuu cha Birmingham. Ukilinganisha, rejista za Kianglikana kwa kawaida zina maelezo machache kumhusu mtu mmoja, lakini barua za CMS zinasimulia zaidi. Kama babu yako alikuwa mwalimu wa dini, katekista au mtoto wa shule ya misheni, barua zile zinaweza kumtaja kwa jina na kueleza alivyofika. Kama alikuwa mkulima aliyebatizwa na kurudi shambani, baki na rejista.

Kwa Waislamu hakuna ubatizo, kwa hiyo hakuna kitabu cha kuzaliwa. Kuna nikaha. Sheria ya ndoa na talaka za Waislamu ya 1906 ilitaka ndoa ziandikishwe, lakini nyingi hazikuandikishwa. Uliza kwa mtiririko huu: familia ya shekhe aliyefungisha, kwa kuwa daftari mara nyingi hubaki kwa watoto wake, msikiti, kisha kadhi wa wilaya. Nikaha ikipatikana ina kitu ambacho rejista nyingine haina: walii wa bibi harusi. Walii ni baba, kaka au ami yake, na hapo umepata ukoo wa bibi ambaye nyumbani anaitwa tu "mama wa Fulani". Angalia pia tarehe, kwani huenda imeandikwa kwa mwaka wa Hijria.

Msikiti unashinda kanisa katika jambo moja jingine: makaburi. Familia za Kinubi zinajua nani amelala wapi Bombo hata pasipo jiwe, na maziko ya upande kwa upande huonyesha undugu ambao hakuna aliyeuandika.

Ofisi za serikali: ipi inajua nini?

NIRA iliundwa kwa sheria ya uandikishaji wa watu ya 2015. Ni mahali pa walio hai na waliofariki karibuni. Kwa aliyefariki enzi za ukoloni, usianzie hapo. URSB, ofisi ya usajili ya serikali, ina ndoa, na hapa pana njia ya pembeni: Sheria ya Ndoa ya 1904 iliwataka wachungaji wa makanisa yenye leseni wapeleke nakala za vyeti vya ndoa kwa msajili. Kama parokia iliungua au kitabu kililiwa na mchwa, nakala ya pili huenda ipo serikalini.

Kituo cha Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa kipo Wandegeya, Kampala. Nyaraka zake zilikuwa Entebbe kabla ya kuhamishiwa huko. Mafaili yake yamepangwa kwa mambo ya utawala: kodi, mashauri, uteuzi wa machifu, malalamiko. Babu aliyekuwa chifu, karani, mkalimani, mfungwa au mlalamikaji ataonekana. Babu aliyelipa kodi yake kimya kimya na kulima pamba hataonekana kwa jina, lakini kijiji chake kitaonekana.

Ndiyo maana nyaraka za wilaya, ambazo watu huzisahau, mara nyingi zina faida kubwa kuliko za taifa. Zipo karibu na watu. Za Kabarole zinatunzwa Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, Fort Portal, na zimewekwa kwenye kompyuta. Jinja nako nyaraka za wilaya zimepangwa kwa juhudi za wasomi. Kama ukoo wako ni wa Busoga au Toro, nenda wilayani kabla ya Wandegeya.

Nitaje na hospitali, kwa sababu karibu hakuna anayeifikiria. Hospitali ya Mengo ilifunguliwa 1897 na Dk. Albert Cook, na kumbukumbu za wagonjwa tangu miaka ile zimehifadhiwa katika maktaba yenye jina lake Makerere. Ni kumbukumbu za watu wa kawaida waliokuja na vidonda na homa. Zinasomwa kwa ruhusa na kwa adabu. Ugonjwa wa babu ni siri yake.

Jalada la mirathi au hati ya ardhi?

Ningepewa karatasi moja tu ya kumtambua mtu aliyefariki baada ya miaka ya 1930, ningechagua jalada la mirathi. Ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi ina sheria yake tangu 1933. Familia inapofika pale, huja na taarifa ya kifo, barua ya chifu au ya LC (baraza la kijiji), muhtasari wa kikao cha ukoo, majina ya wajane, majina ya watoto wote wa kila nyumba, na orodha ya mali. Watoto ambao hawakutajwa kanisani kwa kuwa mama yao hakufunga ndoa wanatajwa hapa, kwa sababu wanadai. Wajane wanaobishana huandika barua, na ndani ya barua zile kuna maisha: nani aliuza ng'ombe, nani alilea nani, nani alirudi kwao na mtoto mchanga. Pia matangazo ya kuomba usimamizi wa mirathi huchapwa katika Gazeti la Serikali na magazeti ya kawaida, kwa hiyo maktaba inaweza kukupa mwaka na mahakama kabla hujaomba jalada.

Ni karatasi za maumivu, kwa hiyo utaulizwa wewe ni nani kwa marehemu. Nenda na kitambulisho cha taifa, barua ya LC ya kijijini na, ikiwezekana, mzee mmoja wa familia. Waambie ndugu zako kabla hujaenda. Jalada la mirathi likifunguliwa kimyakimya, hata kwa nia njema, huamsha hofu kwamba kuna mtu anataka kuuza kiwanja.

Hati ya ardhi husema machache, ila huanza mapema zaidi. Makubaliano ya Buganda ya tarehe 10 Machi 1900 yalitenga maili za mraba 8,000 kwa machifu na wamiliki binafsi, na ardhi hiyo, inayoitwa mailo, huandikwa kwa bloku na ploti. Ukiwa na namba hizo, rejista inaonyesha nani alimpa nani na lini. Hati nyingi leo bado zina majina ya watu waliofariki zamani, jambo linaloumiza warithi na kumsaidia mtafutaji. Lakini mailo ni ya Buganda na baadhi ya sehemu za Bunyoro. Kama familia yako ilikaa ardhi ya kimila Teso, Acholi au West Nile, usipoteze nauli. Pale mpaka wa shamba unajulikana kwa mti na kwa mzee, na tumerudi kwa mzee.

Kwa kuwatafuta bibi zetu, jalada la mirathi linashinda hati karibu kila mara. Hati nyingi za zamani zina majina ya wanaume peke yao.

Babu askari: sanduku la nyumbani au London?

Familia nyingi za Kiswahili za Uganda zina askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza Afrika Mashariki, katika nasaba yao. Kikosi hicho kilianzishwa 1902, na batalioni ya nne ilikuwa na makao Bombo kwa miaka mingi. Mawazo ya watu huruka moja kwa moja hadi Uingereza. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London, ina barua za KAR katika mfululizo wa CO 534 na za Uganda katika CO 536, na shajara za vita za vikosi. Zinaeleza batalioni ilikuwa wapi, ilipigana na nani, ilipata hasara gani. Usitarajie kukuta jalada la utumishi la kila askari Mwafrika. Ukijua kikosi chake, Kew itakupa safari yake. Usipokijua, haitakupa kitu.

Na kikosi hujulikana nyumbani. Fungua sanduku: kitabu cha mshahara, cheti cha kuachishwa jeshi, picha yenye beji kwenye kofia. Medali ya fedha ya Vita vya Kwanza husomwa ukingoni, palipochongwa namba, cheo, jina na kikosi. Za Vita vya Pili, kama ile ya waliopigana Burma, zilitolewa na Uingereza bila jina, hivyo hazithibitishi ni ya nani kati ya ndugu wawili. Piga picha ya ukingo kabla mtu hajaing'arisha kwa majivu.

Kwa aliyefia vitani, tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, inatafutwa bure. Ukimkosa, usihitimishe kwamba hakufa vitani. Tume hiyo yenyewe ilikiri katika ripoti ya Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 waliofia Vita vya Kwanza, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, huenda hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi ndio waliosahauliwa zaidi. Kwa mpagazi, neno la bibi kwamba "alichukuliwa kubeba mizigo ya Wazungu, hakurudi" ni ushahidi, na liandikwe hivyo, pamoja na jina la aliyelisema.

Tovuti na DNA

FamilySearch ni ya bure, na wahojaji wake wamekusanya nasaba za mdomo katika nchi kadhaa za Afrika. Itumie kutunza unachokipata na kuangalia kama binamu wa mbali ameshaanza. Ila mti wa ukoo uliowekwa na mtu mwingine bila kusema alisikia wapi ni uvumi ulioandikwa vizuri.

DNA naiweka mwisho. Hailetei mtu majina. Inakulinganisha na waliopimwa, na Waganda waliopimwa bado ni wachache, kwa hiyo anayetafuta binamu wa vizazi vitatu nyuma hupata majina machache au hapati kabisa. Asilimia za kabila zinazotolewa hutegemea sampuli walizonazo, na kwa Afrika Mashariki sampuli hizo hazina upana wa kumtenganisha Mkuku na Mbari. Ina kazi moja inayoiweza vizuri: kuthibitisha kama matawi mawili yanayodai babu mmoja ni ndugu kweli, endapo pande zote mbili zimekubali kupimwa. Hapo pia fikiria utakachofanya na jibu baya. Mjadala wa vipimo vya ubaba uliopamba moto nchini mwaka 2023 ulionyesha jinsi karatasi moja inavyoweza kumwondoa mtoto mezani kwa baba aliyemlea.

Kwa hali tatu

Tuseme babu yako ni Mnubi, askari, amezikwa Bombo. Anza kwa wazee wawili wa matawi tofauti, kila mmoja peke yake, kisha sanduku, kisha familia ya shekhe aliyefungisha ndoa yake. Ukishajua kikosi, ndipo London. Nyaraka za Wandegeya ziwe za baadaye, kutafuta malalamiko ya ardhi na ya kiinua mgongo, ambamo askari wastaafu huonekana.

Bibi Muganda Mkatoliki ana njia iliyo fupi kuliko zote. Jina lake la ubatizo, jina la baba yake na kigango vikijulikana, paroko anaweza kukufungulia kitabu, na pambizo litakupeleka kwenye ndoa. Kutoka hapo nenda kwenye mirathi ya mumewe. Wazee wa ukoo wa mume hawatakusaidia sana kwa huyu. Watafute wa ukoo wa baba yake, kwa muziro wake yeye.

Anayesumbua ni yule aliyetoka West Nile kwenda kukata miwa Lugazi au Kakira katika miaka ya 1930 na hakurudi. Kule alikokwenda alibadilisha jina, na kule alikotoka anaitwa "yule aliyepotea". Hapa ningefanya kazi ncha zote mbili kwa pamoja. Kusini, waulize majirani wa kambini lugha aliyozungumza akiwa amekasirika, na jina alilowapa watoto wake, kwa kuwa wengi walimpa mtoto wa kwanza jina la baba waliyemwacha. Angalia nyaraka za wilaya Jinja kama alikuwa upande wa Kakira. Kaskazini, tafuta rejista ya Wakomboni ya kituo kilichokuwa karibu na watu wa lugha hiyo, ukisoma safu ya baba, si ya mtoto. Mpigie simu katekista kwanza umsomee majina matatu uliyonayo, akuambie kama yanajulikana katika koo za pale, kabla hujapanda basi la Arua.